Wimbo kwanza, ushuhuda baadaye

Nianze na filamu. Bohemian Rhapsody ilitoka mwaka 2018, na kama unaishi Kampala huenda uliiona vile mimi niliiona: kwenye kibanda cha video huku Mulago chini, viijei akitafsiri kwa Kiganda juu ya sauti za waigizaji na kuongeza utani wake mwenyewe. Rami Malek ameigiza kama Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen ya Uingereza. Mwishoni watu walipiga makofi, nami nikapiga, maana ile sehemu ya tamasha la Live Aid imetengenezwa vizuri sana. Lakini ndani ya filamu hiyo kuna jambo limepindishwa, na jambo hilo linatuhusu sisi wakimbizi kuliko linavyowahusu Waingereza.

Kilichopindishwa ni tarehe tu. Kwenye filamu, Freddie anajua kwamba ana virusi vya UKIMWI kabla ya Live Aid. Anawaita wenzake wa bendi, anawaambia, wanakumbatiana, halafu wanakwenda uwanja wa Wembley na kuimba kama malaika. Sasa, Live Aid ilikuwa tarehe 13 Julai 1985. Jim Hutton, mwenzi wake aliyeishi naye mpaka siku ya mwisho, aliandika kwamba Freddie alipata majibu ya kipimo mwaka 1987. Yaani siku ile ya Wembley, mbele ya watu zaidi ya elfu sabini, jamaa hakuwa na siri ya kutubu wala wosia wa kuacha. Alikuwa mwimbaji kazini. Alipewa kama dakika ishirini na akazitumia zote.

Kwa nini filamu ikageuza mpangilio? Kwa sababu watazamaji wanapenda hivyo. Mtu aungame kwanza, alie kidogo, ndipo tumruhusu kuimba. Makofi yanakuwa ya wimbo na ya maumivu kwa pamoja, na huwezi tena kujua ni yapi ya nini.

Huo mpangilio tunaujua, si ndiyo? Nina rafiki Mkongomani, mpiga gitaa la solo, kanisani na kwenye harusi. Mwaka mmoja shirika fulani lilimwalika atumbuize Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni. Alipofika akaonyeshwa ratiba: dakika kumi na tano za kusimulia alivyokimbia, dakika nne za wimbo. Akauliza kama anaweza kupiga nyimbo mbili na kusimulia kidogo. Wakamwambia wageni wamekuja kusikia safari yake. Alisimulia. Walipofika kwenye wimbo muda ulikuwa umeliwa, akapiga ubeti mmoja na kiitikio. Nilikuwepo, nikimtafsiria. Watu walifuta machozi na hakuna hata mmoja aliyemuuliza ile gitaa amejifunza wapi kuipiga vile.

Basi nataka tuwatazame wanamuziki wawili wa Afrika Mashariki waliokufa kwa ugonjwa mmoja, ambao kazi yao ilianza mapema na ushuhuda ukaja mwishoni. Wa kwanza ni huyu Freddie. Wa pili ni Philly Bongoley Lutaaya wa Uganda.

Wasomaji wengi wa Nakivale na Kyangwali wanajua sauti ya Freddie kutoka redioni lakini hawajui alikotoka. Alizaliwa Mji Mkongwe, Unguja, tarehe 5 Septemba 1946, jina lake Farrokh Bulsara. Wazazi wake walikuwa Waparsi, watu wa dini ya Zoroasta wenye asili ya India, na baba yake alikuwa keshia wa serikali ya kikoloni. Alipelekwa shule ya bweni Panchgani, India, akajifunza piano na akapiga na bendi ya shule. Alirudi Zanzibar mwaka 1963. Mapinduzi ya Januari 1964 yalipotokea, familia ikakimbia na kufikia Feltham, pembeni mwa London. Kijana wa miaka kumi na saba. Alisomea usanifu wa michoro chuo cha Ealing, akawahi kubeba mizigo uwanja wa ndege wa Heathrow, akauza nguo za mtumba soko la Kensington pamoja na Roger Taylor, mpiga dramu wa Queen baadaye. Sehemu hii ya maisha yake mtu wa Owino anaielewa bila kufafanuliwa.

Mwaka 1970 akaungana na Taylor na mpiga gitaa Brian May, akajiita Mercury, na mwaka uliofuata John Deacon akaingia na gitaa la besi. Waliingia katika muziki ambao Waingereza wa wakati ule walikuwa mabingwa wake: roki nzito, gitaa la umeme linalonguruma, lakini juu yake tuni ambayo hata mtoto anaweza kuiimba akienda kuteka maji. Ukishasikia Tie Your Mother Down au Hammer to Fall, zote mbili tungo za May, utaona gitaa linataka kupigana na sauti ya Freddie haikubali kupigana nalo. Inapanda juu yake. Nguvu ya Queen iko hapo.

Halafu kuna Bohemian Rhapsody wenyewe, wimbo wa 1975, karibu dakika sita, hauna kiitikio kinachorudi. Unaanza kama wimbo wa kubembeleza, unaingia kwenye opera, unalipuka kuwa roki nzito, unamalizika taratibu. Kampuni za muziki zilizoea nyimbo za dakika tatu. Huu ulikaa namba moja Uingereza wiki tisa. Na katikati yake, kwenye ile opera, mtoto wa Unguja ametia neno bismillahi. Miaka mitatu baadaye, kwenye albamu ya Jazz, akaimba Mustapha kwa maneno yenye sura ya Kiarabu, nusu mchezo nusu adhana. Hizo ndizo sehemu ambazo pwani yetu inachungulia katika kazi yake. Inachungulia tu, haiingii sebuleni.

Watu wa kwetu humlaumu hapo. Alitukana, wanasema, alijificha nyuma ya jina la Kizungu. Fikiria Live Aid: tamasha zima lilikuwa la kuchangia njaa ya Ethiopia. Wanamuziki wakubwa wa Uingereza wakaimba kwa ajili ya Afrika, na kati yao alikuwepo mtu aliyezaliwa Afrika Mashariki na kukimbia risasi za Afrika Mashariki. Hakusema kitu. Mimi hilo silihesabu kuwa kosa. Mtu hadaiwi hadithi yake kama kodi ya nyumba. Angesema siku ile, leo tungekumbuka hotuba na kusahau alivyowaongoza watu elfu sabini kwa sauti peke yake, bila ala yoyote nyuma yake, naye akiita nao wakiitika. Mtu wa ngoma za kwetu akiona picha zile anajua mara moja ni nini kinafanyika: fundi anaita, umati unaitika.

Ninamlaumu kwa jambo jingine. Oktoba 1984 Queen walikwenda kupiga Sun City, Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, wakati wanamuziki wa dunia walikuwa wameombwa wasiende. Chama cha wanamuziki cha Uingereza kiliwatoza faini. Hilo ni tendo. Alilitenda yeye na wenzake kwa miguu yao. Nadhani uhakiki wa haki uko hapo: mtu tumpime kwa alichofanya na alichoimba, na kile alichonyamazia kuhusu mwili wake na nyumba alikotoka tumwachie.

Mwaka huo huo wa 1984, Philly Lutaaya aliingia Stockholm.

Lutaaya alizaliwa 1951. Alianza kuimba mwishoni mwa miaka ya 1960 akiwa kijana mdogo, akapita Kongo, akapita Nairobi, kama wanamuziki wengi wa kizazi chake ambao ramani yao ilichorwa na vita na mapinduzi. Sweden alikwenda wakati Uganda ya Obote wa pili inawaka moto. Kule, pamoja na Waganda wengine wa uhamishoni, akarekodi Born in Africa. Ukiisikiliza leo, utasikia ngoma na tarumbeta zinazocheka, studio safi ya Kizungu, na juu yake mtu anayejitangaza kwa fahari kuwa wa Afrika akiwa kwenye baridi kali. Kitu ambacho Freddie hakukisema kamwe, Lutaaya alikifanya jina la albamu.

Na akarekodi nyimbo za Krismasi kwa Kiganda. Hapa Mulago ukifika mwezi wa kumi na moja huhitaji kalenda. Sekukkulu inaanza kwenye maduka ya simu, inahamia kwa akina mama wa nyanya, inaingia kwenye teksi za Wandegeya. Mkongomani, Mrundi, Msudani, wote tunaimba maneno ambayo wengine hatuyaelewi vizuri. Ni nyimbo za mtu aliye mbali na nyumbani wakati wa sikukuu. Ndiyo maana zinatukaa vizuri kuliko nyimbo za Krismasi za wenye kwao.

Kwa hiyo Aprili 1989, Lutaaya aliporudi na kutangaza hadharani kwamba ana UKIMWI, aliyesema alikuwa sauti iliyokwishaingia katika kila nyumba. Alikuwa mtu mashuhuri wa kwanza Uganda kufanya hivyo. Wapo waliosema anadanganya, ati anatafuta pesa. Yeye akaendelea, akazunguka mashule na makanisa mwili ukipungua, akarekodi Alone and Frightened, na tarehe 15 Desemba 1989 akafa. Miaka 38. Alizikwa Gomba.

Wimbo wake Alone ndio ninaotaka tuusikilize kama wahakiki. Ni wa taratibu, na ameuimba kwa Kiingereza. Wengine husema Kiingereza kilikuwa cha wafadhili. Mi naona hapana. Mganda wa kusini akiimba kwa Kiganda, Mwacholi na Mlugbara watasema ugonjwa huo ni wa huko kwao. Kiingereza, hapa Uganda, ni barabara isiyo ya kabila. Angalia pia anavyohamisha nafsi: anaanza na mimi, anakwenda kwa wewe, anaishia na sisi. Sauti haijipambi. Mtu aliyejua kupiga kelele za furaha kwenye Born in Africa hapa anaimba kama anayezungumza na wewe kitandani wodini. Hata kama hukujua habari zake, wimbo ungesimama. Hicho ndicho kipimo changu. Ushuhuda ambao ukiondoa huruma hakibaki kitu, huo ni fomu tu. Huu ukiondoa huruma, tuni bado ipo.

Tusisahau mahali tulipo. Mlima huu wa Mulago ndiko TASO ilikoanzia. Noerine Kaleeba alikuwa mtaalamu wa fiziotherapia na mkuu wa shule ya fani hiyo hapa hospitalini. Mumewe Christopher aliugua mwaka 1986 akiwa masomoni Hull, Uingereza, akafa Januari 1987. Mwaka huo huo Kaleeba na wenzake wachache, wengi wao wakiugua wenyewe, wakaanzisha TASO ili mgonjwa wa UKIMWI apate mtu wa kukaa naye bila kumwogopa. Baadaye vikundi vya wagonjwa wenyewe vilizunguka vikiimba na kuigiza. Nikienda kutafsiri kwenye kliniki za hospitali, naona kanuni moja ambayo washauri wazuri wanaishika: majibu ni ya mgonjwa. Anayaambia nani, lini, na kwa maneno gani, ni juu yake. Hakuna anayemwambia, sema kwanza ndipo upewe dawa.

Freddie naye alichagua. Kuanzia 1987 alijua. Tamasha lake la mwisho na Queen lilikuwa limeshapita, Knebworth, Agosti 1986. Magazeti ya London yalimwinda kama simba anavyomwinda swala mlemavu, yakipiga picha mashavu yake yalivyoingia ndani. Hakusema. Alikwenda studio. Innuendo ilitoka Februari 1991, na ndani yake The Show Must Go On, wimbo ambao May aliuandika kwa sehemu kubwa, wenye noti za juu ambazo May mwenyewe alihofia rafiki yake hataziweza. May amesimulia mara nyingi kwamba Freddie alimeza vodka, akaziimba. Sikiliza pale wimbo unapopandishwa ufunguo: sauti haiombi msaada, inasukuma ukuta.

Mei 1991, kule Montreux, Uswisi, akaimba Mother Love. Anaanza chini, karibu mnong'ono, kisha anapanda mahali ambapo mwili ule haukuwa na ruhusa ya kupanda. Ubeti wa mwisho hakuumaliza, akasema atarudi. Hakurudi. May akauimba yeye. Kwenye albamu ya Made in Heaven, 1995, utasikia sauti inabadilika na mtu mwingine anaingia. Hawakuficha mshono. Kwangu mimi hiyo ni moja ya sehemu za kweli kabisa katika muziki wote wa roki, na hakuna neno UKIMWI hata moja ndani yake.

Tarehe 23 Novemba 1991 likatoka tangazo kwamba anaugua. Tarehe 24 akafa, miaka 45. Lutaaya alikuwa ameshasema miaka miwili na nusu kabla yake, katika nchi maskini zaidi, bila kampuni ya kumlinda.

Sasa nani alifanya sawa? Swali hilo nalisikia kila ninapowataja hawa wawili pamoja, na jibu la haraka ni Lutaaya. Kwa faida ya watu, ni kweli, sauti yake iliokoa wengi ambao wangekwenda kwa mganga au wangejifungia ndani. Ukimya wa Freddie ulikuwa na gharama: vijana wangapi wa London wangepata ujasiri angesema mwaka 1988? Gharama hiyo siifuti. Lakini angalia wanachofanana. Hakuna aliyewashika koo. Lutaaya alichagua mwezi, akachagua jukwaa, akaandika wimbo. Freddie alichagua studio, na tangazo likatoka kwa maneno yake. Filamu ya 2018 ilimnyang'anya hicho hasa, ikamfanya aseme mapema ili sisi tufurahi zaidi.

Na wenzake je? Muziki huu wa Waingereza una tabia moja nzuri: bendi ni kama kaya. Rick Allen, mpiga dramu wa Def Leppard, alipoteza mkono wa kushoto kwenye ajali ya gari tarehe 31 Desemba 1984. Wenzake hawakumtafutia mtu wa nafasi yake. Walimsubiri, akatengenezewa dramu za kupiga kwa miguu, na Hysteria ya 1987 ikauza mamilioni. Yeye jeraha lake halikuwa la kuficha, kila mtu aliliona, lakini kilichotangulizwa kilikuwa mdundo. Aprili 1992 Def Leppard walikuwa Wembley, kwenye tamasha la kumkumbuka Freddie na kuchangia vita dhidi ya UKIMWI. May na Taylor wakaanzisha mfuko wa Mercury Phoenix Trust. Na tarehe 29 Novemba 2003 hao wawili walisimama Cape Town, kwenye tamasha la 46664 la Mandela dhidi ya UKIMWI, nchi ile ile ya Sun City, miaka kumi na tisa baadaye. Hawakuifuta 1984. Walirudi na kazi nyingine mikononi.

Zanzibar bado haijui imfanye nini mtoto wake. Mwaka 2006 sherehe ya kumbukumbu yake ilifutwa baada ya kikundi cha kidini kupinga. Mwaka 2019 jumba la makumbusho yake likafunguliwa Shangani. Kurudi nyumbani kunachukua muda, hata ukiwa maiti.

Ndugu zangu wa mashirika mnaosoma gazeti hili, na najua mnasoma, nina ombi dogo. Fomu zenu nyingi zinaanza na kuuliza mtu alikimbia nini. Mahali pa kesi, sawa, hiyo ni sheria na ni lazima. Lakini kwenye sherehe, kwenye warsha ya uandishi, kwenye video ya mwisho wa mwaka, anzeni na kuuliza anajua kufanya nini. Mwacheni apige nyimbo zake mbili. Akitaka kusema, atasema akimaliza, na mtamsikiliza vizuri zaidi kwa sababu mtakuwa mmeshamjua.

Na nyinyi waandishi wa kambini: msituletee machozi pekee. Leteni beti zilizokaa, hadithi zenye mwanzo na mwisho, uhakiki unaobishana. Wenye simu, tafuteni nyimbo tatu na mzisikilize kwa mfuatano huu: Sekukkulu, Alone, Mother Love. Kisha tuandikieni mlichosikia kwenye sauti, kabla ya mlichokijua kuhusu mwimbaji.